Kupamba Nyumba na Bustani Wakati wa Masika: Maji Kwanza, Maua Baadaye

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona vikielea, nikasahau kuuliza vimeundwaje. Nusura kosa hilo linigharimu kitu ambacho hata maua ya dunia nzima hayawezi kukirudisha. Ndiyo sababu nimeshika kalamu ili nikueleze namna ya kuipamba nyumba na bustani mvua za masika zinapokaribia, usije ukatumbukia shimo nililotumbukia mimi.

Muhula wa kwanza mwaka jana nilikuwa na mazoea ya kuchelewa kurudi nyumbani. Sisi wa kutwa kengele ya jioni ikilia huwa tunakimbilia lango, lakini mimi nilikuwa nikichepuka kwenda maktabani. Pale rafu ya chini palikuwa na gazeti kuukuu la Uingereza lenye picha za rangi. Mle ndani mlikuwa na nyumba moja iliyonipa wazimu. Ilikuwa ndogo, kuta zake nyeupe pepepe, na chini ya madirisha, maua mekundu na manjano yamepangwa sako kwa bako, yameuegemea ukuta kama watoto wanaoota jua. Ndani, meza ilikuwa na kitambaa cheupe, na dirishani palikuwa na chungu kidogo cha maua ya zambarau. Maandishi yalisema kwamba hivyo ndivyo nyumba hupambwa majira ya kuchipua.

Nikajiambia, "Hata sisi tunaweza!" Shangazi zangu walikuwa waje kututembelea Pasaka. Nilitaka wafike, washike vinywa.

Majira ya kuchipua ni nini?

Hebu kwanza tuelewane. Nchi za kaskazini kama Uingereza zina majira manne. Baada ya baridi kali inayoiacha miti kama mifupa, hufuata majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Mei. Siku hurefuka, ardhi hupata joto, mbegu na miti huamka. Watu hufungua madirisha yaliyokuwa yamefungwa miezi mingi, hufagia, hupaka rangi na kupanda maua.

Sasa wewe utauliza, yanatuhusu nini hayo? Sisi hapa Kenya hatuna theluji labda upande mlimani! Kumbe yanatuhusu sana. Tulisoma katika Jiografia kwamba kila mwaka, tarehe 20 au 21 mwezi wa Machi, jua la utosi huwa juu ya ikweta, likiwa safarini kuelekea kaskazini. Safari hiyo ndiyo huwapelekea Waingereza joto. Safari hiyo hiyo huvuta ule ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kupanda juu, mawingu yakafanyika. Ukanda huo unapopita kwetu, tunapata mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hivyo majira yao ya kuchipua na masika yetu ni watoto wa mama mmoja. Jua ni lile lile, miezi ni ile ile.

Lakini hata watoto wa mama mmoja hutofautiana tabia. Kwao kinachoiamsha mimea ni joto. Kwetu joto tunalo mwaka mzima, na kinachoiamsha mimea ni maji. Anayetaka kupamba majira ya kwao aanze na jua. Anayetaka kupamba masika aanze na maji. Laiti ningelijua hilo mapema!

Kosa langu

Nilimwendea mwalimu wetu wa Kilimo nikamwonyesha ile picha. Nikamuuliza, "Mwalimu, haya maua mekundu na manjano nitayapata wapi?" Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia hayo ni tulipu. Huota kutokana na kitunguu chake kilicho ardhini, na kitunguu hicho sharti kipigwe na baridi kali kwa muda wa wiki 12 au zaidi ndipo kitoe ua zuri. Pasipo baridi hiyo, hutoa majani tu au ua lililodumaa. "Kwenu Murang'a," akasema, "hata Julai ukivaa sweta mbili, tulipu itaona ni kiangazi."

Basi nikaamua kutumia maua ya kwetu, lakini mpango ubaki ule wa pichani. Hapo ndipo nilipoteleza.

Kwetu kuna nyumba mbili. Moja ni ya mawe, ya wazazi wangu. Ya pili ni ya nyanya, ya fito na udongo, paa lake la mabati. Nyanya huniita mume wake kwa sababu nimepewa jina la babu, naye husema nyumba ile aliijenga na "mume wake wa kwanza" na hataki kuhama. Mimi nilionelea kwamba nyumba hiyo ndiyo ingefanana zaidi na ile ya gazetini. Jumamosi tatu mfululizo nilifanya kazi kama punda. Nilipaka kuta chokaa. Kisha chini ya dirisha la nyanya nikachimba. Palikuwa na udongo uliogandamizwa mgumu kama saruji, umeinuka kidogo ukutani na kuteremka kuelekea uani. Nilidhani ni uchafu wa miaka mingi. Niliung'oa wote, nikachimba kina cha jembe, nikajaza samadi na udongo laini, nikapanga mawe meupe ukingoni. Nikapanda jeraniamu na kana. Kila jioni nikamwagilia. Nyanya aliniangalia, akasema tu, "Mume wangu, hapo si pabaya kwa maua?" Mimi nikamjibu kwamba hata Uingereza hufanya hivyo.

Wiki ya kwanza ya Aprili mvua ikaja. Ilinyesha usiku kucha kama iliyoapizwa. Alfajiri tulisikia kishindo, kisha sauti ya nyanya. Tulikimbia na tochi. Lahaula! Udongo wa ukuta chini ya dirisha ulikuwa umeporomoka, fito zimebaki uchi, na tope limelala kitandani mahali pa mto wa nyanya. Nyanya mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na meko. Mvua ilikuwa imemkosesha usingizi, akaamka kuota moto. Mungu si Athumani.

Baba hakunichapa. Alinipa jembe tu. Nyanya ndiye aliyenena, tena akiwa anatabasamu: "Mume wangu, ulitaka kunilimia bustani au kunichimbia kaburi?" Maneno hayo sitayasahau.

Jambo la kwanza: yajue maji yako

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kupamba nyumba wakati wa masika huanzia kwenye maji. Hebu tupige hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1 kamili ya maji. Paa la nyanya limefunika eneo la mita 6 kwa 5, yaani mita mraba 30. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwa usiku mmoja wa masika, hutoa lita 600. Kwa kuwa paa limegawika pande mbili, lita 300 ziliangukia upande wangu, moja kwa moja katika udongo wangu laini. Na yale mawe meupe niliyopanga kwa madaha yaliyazuia yasitoke. Kwa kifupi, nilichimba bwawa nikaliegemeza kwenye ukuta wa udongo.

Ukuta wa udongo ukiwa mkavu una nguvu za ajabu, husimama hata miaka hamsini. Lakini ukinywa maji kuanzia chini, udongo hulainika, unashindwa kubeba uzito ulio juu yake. Nyumba ya mawe yenye msingi huvumilia, ingawa nayo hupata unyevu, rangi ikavimba na kubambuka. Ule mteremko mgumu niliouita uchafu ulikuwa mlinzi wa nyumba. Kazi yake ni kuyasukuma maji ya paa mbali na ukuta kabla hayajapata nafasi ya kuzama.

Kwa hivyo, kabla ya masika fanya haya. Zunguka nyumba yako utazame ardhi inateremkia wapi. Kama inateremkia nyumbani, jaza udongo na uushindilie mpaka uteremkie nje. Chimba mfereji mdogo hatua mbili hivi kutoka ukutani na uuelekeze shambani. Panda ukague paa: msumari uliolegea, bati lenye kutu, majani yaliyoziba. Ukiweza, funga mifereji ya paa na uweke pipa. Zile lita 600 zinajaza mapipa matatu ya lita 200. Mama hatafuti maji mtoni, na maua yako yana akiba kiangazi kikirudi. Pipa hilo lifunike vizuri, wala usiache maji katika visahani vya vyungu au makopo. Mbu huhitaji wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi mbu kamili, na urembo wa kuleta malaria si urembo.

Jambo la pili: maua mahali pake

Sasa maji yamepata njia, tunaweza kupanda. Maua yakae upande wa pili wa ule mfereji, mbali na ukuta. Ukitaka kitu karibu na dirisha, kipande katika chungu, debe au sufuria iliyotoboka. Toboa matundu chini, weka kokoto, kisha udongo. Hivyo mizizi inapumua, na ukuta wako unabaki salama.

Uzuri wa masika ni kwamba huna haja ya fedha. Ardhi ikishalowa vizuri, tembea kwa majirani uombe matawi. Kipande cha jeraniamu chenye urefu wa kidole kinashika upesi. Bogenvilia huhitaji tawi lililokomaa, urefu wa penseli mpya au zaidi. Lichomeke nusu yake ardhini, kivulini, ungoje kwa subira. Kana hugawanywa mizizi. Usipande siku ya mvua ya kwanza, maana mara nyingine hiyo huwa ya kudanganya. Chimba kidole katika udongo. Ukikuta umelowa mpaka chini, panda.

Kuhusu bogenvilia, kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Zile karatasi nyekundu, waridi au zambarau si maua. Ni majani yaliyovaa rangi kuwaita wadudu. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo kilicho katikati. Isitoshe, mmea huu unaouona kila mahali kuanzia Mombasa hadi Kisumu asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake ni la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Hupenda jua na hauhitaji maji mengi. Ukiumwagilia kupita kiasi, unakupa majani matupu. Jakaranda pia ilitoka Amerika ya Kusini, na kaiyaba tunayofanya ua wa miiba ilitoka kusini mwa Afrika.

Je, sisi hatukutoa chochote? Tumetoa, tena vingi. Zile nyasi laini zinazoota hapa shuleni ukingoni mwa uwanja huitwa nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo zimetandazwa katika bustani na viwanja vya michezo vya Australia na Afrika Kusini. Mawaridi ya Naivasha nayo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, yakapamba meza za huko.

Lakini kilichoniacha kinywa wazi ni kile chungu cha dirishani katika ile picha yangu. Nilirudi maktabani nikasoma maandishi madogo chini yake: Saintpaulia. Nikatafuta katika kitabu cha mimea. Kumbe ua lile ni la milima ya Usambara, Tanzania, na jamaa yake mwingine huota katika milima ya Taita, hapa hapa Kenya! Mwaka wa 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huko Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka wa 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu. Basi mimi nilikuwa nikichimbua ukuta wa nyanya nifanane na Waingereza, nao Waingereza wameweka dirishani ua lililotoka kwetu. Tena wao walifanya jambo la busara. Hawakulitupa nje kwenye baridi wakalilazimisha. Walisoma tabia yake, kwamba hupenda kivuli na joto na halipendi majani yake yaloweshwe, wakalitafutia mahali linapoweza kuishi. Mimi sikusoma tabia ya kitu chochote, wala mvua wala udongo.

Jambo la tatu: ndani ya nyumba

Masika ndani ya nyumba huwa na shida mbili: giza na unyevunyevu. Mapambo mema ni yale yanayoziondoa.

Dhidi ya giza, dawa ya bei nafuu ni chokaa. Wanakemia watanisaidia hapa. Chokaa iliyokorogwa na maji ni kalsiamu haidroksaidi. Ikishapakwa ukutani hunyonya gesi ya kaboni dayoksaidi iliyo hewani, ikageuka polepole kuwa kalsiamu kabonati, yaani jiwe jembamba jeupe. Ndiyo maana hupakwa nyembamba, mara mbili au tatu, kila tabaka likiachwa likauke. Pakeni mwezi wa Februari au mapema Machi, hewa ikiwa kavu. Tahadhari tu: chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, kwa hivyo usiwape watoto kazi hiyo. Wasiotaka weupe wanaweza kutumia udongo mwekundu uliochekechwa; wekundu wake ni kutu ya chuma, nao haupauki juani. Mama za zamani walipamba kuta zao kwa udongo wa rangi mbalimbali, na sioni kwa nini tuone haya.

Ukitaka kujua kwamba umaridadi hautoki ng'ambo peke yake, tazama Lamu. Mji wake wa kale uliingizwa mwaka wa 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zina vyumba vyembamba virefu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kurefuka kupita mti wenyewe. Je, chumba chembamba utakipambaje bila kukijaza? Wazee wa huko walichonga vishubaka ukutani, wanaviita zidaka, wakaweka humo vyombo vya kaure na taa. Ukuta ukawa kabati, sakafu ikabaki wazi. Shida ya boriti ikazaa urembo. Mimi nimemtengenezea nyanya rafu ya ubao juu ya kitanda, na juu yake pana picha ya babu, taa na Biblia. Si zidaka, lakini ni mjukuu wa zidaka.

Dhidi ya unyevunyevu, ondoa makochi ukutani kiganja kimoja ili hewa ipite. Fungua madirisha mvua inapokatika. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu hutandika kwenye makochi, vifueni na kuvianika siku ya jua la kwanza, maana vikikaa na unyevu hunuka uvundo, na mgeni huona pua yake kabla ya macho yake. Weka gunia safi mlangoni la kupangusia tope. Kisha kata ua moja, litie katika chupa safi, uliweke mezani. Moja latosha.

Tamati

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengine huandika methali hiyo katika insha. Mimi niliijenga kwa mikono. Nilikanda udongo na nyasi zilizokatwa, nikakandika, nikashindilia upya ule mteremko, na kwa kuwa masika hukausha polepole, nyanya alilala na dada zangu karibu mwezi mzima. Pasaka shangazi walifika wakakuta tope na fito. Hakuna aliyeshika kinywa.

Mwezi wa Mei, ukuta ulipokauka, nyanya aliniita. Alikuwa ameshika tawi la bogenvilia aliloomba kwa jirani. Nikamwambia, "Nyanya, mimi na maua basi." Akanijibu, "Mume wangu, maua hayakukosa. Twende nikuonyeshe maji yanapopita, ndipo utajua pa kuyapanda." Tulitembea uani taratibu, yeye na mkongojo wake, akinionyesha njia za maji anazozijua kabla baba yangu hajazaliwa. Tukapanda kando ya lango.

Linachanua sasa. Ukipita njia ya kwetu utaliona, jekundu, na nyuma yake, mbali kidogo, ukuta mweupe usio na kitu chini ya dirisha. Karibuni nyote.